Kufa kwa mfupa wa taya: athari adimu ya dawa za kulinda mifupa kwa wagonjwa wa saratani

Dawa saidizi katika tiba ya saratani ni zile ambazo kazi yake kuu si kuua seli za saratani, bali kumwezesha mgonjwa kuhimili ugonjwa na matibabu yake. Miongoni mwake zimo dawa za kulinda mifupa, hasa asidi ya zoledroniki, inayotolewa kwa dripu, na denosumabu, inayochomwa chini ya ngozi. Hupewa zaidi wagonjwa wa mieloma, yaani saratani ya seli za uboho, na wale ambao saratani yao ya matiti au ya tezi dume imesambaa hadi mifupani.

Mfupa wa mtu aliye hai hubomolewa na kujengwa upya daima. Saratani ikiufikia huzichochea seli zinazobomoa, na dawa hizi huzizuia seli hizo, ndiyo maana mivunjiko hupungua. Lakini taya, ambayo hubeba nguvu ya kutafuna na kufunikwa na fizi nyembamba tu katika kinywa chenye bakteria wengi, huhitaji ukarabati huo kuliko mifupa mingi, hasa jino linapong'olewa; ukizuiwa, mfupa huweza kushindwa kupona na kufa.

Madaktari huiita hali hii kufa kwa mfupa wa taya pale mfupa unapobaki wazi kinywani, au kufikiwa kupitia kitundu cha fizi, kwa zaidi ya wiki 8, kwa mtu aliyetumia dawa hizi na ambaye taya yake haijawahi kupigwa mionzi ya tiba. Mgonjwa huenda akaanza kwa kuhisi kitu kigumu chenye kukwaruza ulimi pale jino lilipotoka, kisha usaha, au ganzi ya mdomo wa chini. Wengine hawasikii maumivu yoyote mwanzoni. Taya ya chini ndiyo huathirika zaidi.

Kwa wagonjwa wa saratani, hatari hukadiriwa kuwa chini ya watu 5 katika kila 100, na ni ndogo zaidi kwa wanaotumia dozi za chini kutibu udhaifu wa mifupa. Kwa maoni yangu, hatari hiyo si sababu ya kuikataa dawa, kwani uti wa mgongo uliovunjika ni balaa kubwa zaidi. Ni sababu ya kumwona daktari wa meno kabla ya dozi ya kwanza, ili meno mabovu yang'olewe na kidonda kipone mapema. Baada ya hapo, jino likiuma, kutibu mzizi wake huwa salama kuliko kuling'oa, na meno ya bandia yanayokwaruza fizi yarekebishwe.

Asidi ya zoledroniki hukaa mfupani kwa miaka, ilhali nguvu ya denosumabu huisha baada ya miezi 6 hivi, ingawa kuiacha ghafla kunaweza kuleta mivunjiko ya uti wa mgongo, kwa hiyo mgonjwa asijiamulie. Daktari wa meno naye aambiwe hata kuhusu dripu iliyokamilika miaka mitatu iliyopita.