Siri ya mwanafunzi: mwalimu wa malezi anyamaze wapi, aseme wapi

"Usimwambie mtu, mwalimu." Mambo mazito mengi yanayofika kwenye meza ya mwalimu wa malezi huanza hivyo, na kosa la kwanza hufanyika papo hapo, mwalimu anapojibu, "Sitamwambia mtu." Nia ni njema, lakini hiyo ni ahadi ambayo sheria ya Tanzania haimruhusu kuitimiza. Kesho yake mtoto akiona askari getini, hatarudi tena kwenye chumba kile, na wenzake nao hawatakanyaga.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu: akiwa na ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Wajibu, si hiari. Na mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18, awe darasa la tatu au kidato cha nne. Kwa upande mwingine ipo Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayozihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti. Walimu wengi wakizisoma pamoja huona zinagongana. Hazigongani. Ya kwanza inataka taarifa imfikie ofisa anayehusika. Hizo nyingine zinataka isiwafikie wasiohusika. Kutoa taarifa si kutangaza.

Kwa hiyo mpaka wa siri usemwe mapema, kabla mwanafunzi hajaanza kueleza. Maneno yanatosha machache: "Utakayoniambia yatabaki kwangu. Ila nikisikia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kumuumiza mwingine, itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia. Nitakuambia kwanza ni nani." Kwa Kasulu, Buhigwe au Kibondo, mkoani Kigoma, mtoto mdogo anayezungumza Kiha nyumbani aelezwe kwa Kiha ikibidi. Mwalimu asiyekijua asimwite mwanafunzi mwingine kutafsiri, maana jioni bweni zima litakuwa na habari. Amtafute mwalimu mmoja anayekijua, na mtoto amkubali kwanza.

Yaliyo mengi hayavuki mpaka huo. Ugomvi wa marafiki, hofu ya mtihani, kukojoa kitandani, hasira juu ya baba wa kambo asiyemdhuru: hayo hubaki chumbani. Hali ya VVU ya mwanafunzi nayo inalindwa na sheria yake ya mwaka 2008. Katika shule ya bweni matroni anaweza kuhitaji kujua saa za dawa ili mtoto apate nafasi ya kumeza kwa utulivu. Mwalimu wa zamu hahitaji, na mpishi hahitaji.

Sasa tuchukue jambo lenye haraka. Binti wa miaka 15, kidato cha pili, amepanga geto, yaani chumba cha kuishi mwenyewe, karibu na shule ya kata kwa sababu kwao ni mbali. Jumatatu saa nne asubuhi anasema kuna mtu alimwingilia kwa nguvu Jumamosi saa mbili usiku. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina saa 120. Piga hesabu: saa 38 zimekwisha, zimebaki 34, na mwisho ni Jumanne saa mbili usiku. Katika vijiji vya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika mkoani humo, wilaya ya Uvinza, ambako usafiri ni boti, sehemu kubwa ya saa hizo inaweza kuliwa na ziwa likichafuka.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanamsubiri mkuu wa shule arudi kutoka halmashauri, au wanamwita mzazi kwanza, au wanaenda kutafuta PF3 wakidhani hospitali haitampokea bila fomu hiyo. Matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Ni fomu ya polisi kwa ajili ya kesi, nayo inaweza kujazwa huduma ikiwa imeanza. Mkuu ajulishwe kwa simu huku safari ikiendelea. Pigeni simu mbele kuuliza kama dawa zipo, kwa sababu si kila zahanati inazo; safari inaweza kuwa ya kwenda hospitali ya wilaya, au Maweni mjini Kigoma. Mtoto asindikizwe na mtu mzima anayemwamini, ikiwezekana mwanamke.

Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa karatasi, kila moja peke yake. Mfuko wa nailoni hufungia unyevunyevu, nguo ikaota ukungu, na ushahidi ukaharibika kabla haujafika kwa mkemia wa serikali anayeupima. Kama zimeshafuliwa, ziende hivyo hivyo.

Maswali nayo yawe machache: nini kimetokea, ni nani, lini na wapi, na usiku wa leo utalala wapi salama. Basi. Kuchimba zaidi ni kazi ya askari wa Dawati la Jinsia na Watoto lililo kituo cha polisi. Binti akihojiwa na mwalimu wa malezi, kisha wa nidhamu, kisha mkuu, kisha kikao cha walimu, maelezo yatapishana hapa na pale kama ya mtu yeyote aliyechoka, na wakili wa mshtakiwa atayalaza mezani moja baada ya jingine. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Ndiyo maana maneno yake yaandikwe yalivyotoka. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", iandikwe hivyo, ndani ya alama za kunukuu. Usimsahihishie kuwa "alinibaka".

Taarifa iende kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kwa Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na inafaa pale ofisi zilipo mbali. Andika tarehe, saa, jina la aliyepokea, na namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa polisi. Mzazi au mlezi ajulishwe, isipokuwa anayetuhumiwa anaishi naye nyumba moja. Hapo ustawi wa jamii ndio wapange namna. Kama anayetuhumiwa ni mwalimu, taarifa isiishie ofisini kwa mkuu. "Tusiiaibishe shule" si hoja inayotambuliwa na sheria yoyote.

Wazee watakuja kutaka kuyamaliza kifamilia, kwa fidia au mbuzi, pengine na mtendaji wa kijiji akiwa amekaa kati. Kumbaka mtoto hakumalizwi kikaoni: adhabu ya mtu mzima chini ya Kanuni ya Adhabu haipungui miaka 30 jela, na kumpa mwanafunzi mimba nako kuna miaka 30 chini ya Sheria ya Elimu. Mwalimu asiweke saini kwenye karatasi ya maridhiano hata kama ni shahidi tu. Na mwanafunzi aliyepata mimba haadhibiwi kwa kuwa nayo: tangu waraka wa Novemba 2021 anayo nafasi ya kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Anayesema anataka kujiua aulizwe waziwazi: umefikiria kufanyaje, lini, na kitu hicho kiko wapi? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake hata kwenda chooni, dawa za shamba na kamba ziondolewe, na safari iwe ya hospitali. Familia nyingi huficha jambo hili kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita jaribio la kujiua kosa. Ndiyo sababu mlango wa kwanza kugonga ni wa daktari.

Baada ya hapo kinachobaki ni midomo. Mwalimu mwenzako akiuliza binti yule ana nini, jibu ni, "Ana ruhusa ya siku tatu." Baba akija juu, "Mwanangu amekuambia nini?", na jambo halihusu usalama wake, mwambie, "Mzee wangu, kijana yuko salama, na likitokea linalohitaji mkono wako nitakuita mimi mwenyewe." Kundi la WhatsApp la walimu si mahali pa jina la mtoto, wala pa herufi za mwanzo za jina pamoja na darasa, kwa sababu shule yenye mikondo miwili haichukui dakika kumjua. Kupiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma "kwa haraka tu" ni kusambaza taarifa nyeti.

Daftari la unasihi likae kwenye kabati lenye kufuli, funguo mbili: ya mwalimu wa malezi na ya mkuu katika bahasha iliyofungwa. Ndani tumia namba badala ya majina, na orodha ya majina ikae kwingine. Mwalimu akihamishiwa, tuseme, wilaya ya Kakonko, daftari halimfuati. Linakabidhiwa kwa anayempokea, wote wawili wanasaini idadi ya kurasa zilizoandikwa, na kesi zilizo polisi au mahakamani zinaelezwa ana kwa ana, namba ya RB ikitajwa.