Hakuna Ndege ya Kwenda Kalokairi

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, tonge la ugali likiwa njiani kwenda kinywani. "Kaka shikamoo. Mimi na mume wangu tumetimiza miaka kumi, tunataka fungate ya pili. Tumeshachagua: Kalokairi. Tutafutie hoteli karibu na lile kanisa la juu ya mwamba."

Huyo ni wa tano tangu mwaka uanze. Wa kwanza nilimjibu kwa upole na ramani. Wa pili kwa upole bila ramani. Huyu wa tano namjibu hapahapa kwenye blogu, ili wa sita nimtumie kiungo tu niendelee kula.

Marahaba, dada yangu. Kalokairi hakuna. Ni kisiwa cha kubuni cha ile filamu ya Mamma Mia! ya 2008, na jina lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni kiangazi. Yaani umeniomba nikukatie tiketi ya kwenda Kaskazi.

Kanisa lipo, hilo nakupa. Linaitwa Agios Ioannis, liko kisiwa cha Skopelos. Lakini ile hoteli ya Donna, mama wa bibi harusi katika filamu, ilikuwa seti iliyojengwa studio za Pinewood, Uingereza. Sini ya wanawake wanaoteremka wakiimba mpaka gatini ilipigwa Damouchari, ambako si kisiwani kabisa, ni kijiji cha bara kwenye rasi ya Pelion. Vipande vingine ni Skiathos. Halafu filamu ya pili, ya 2018, kisiwa kikahamia Vis, nchini Kroatia, ambacho hadi 1989 kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia na mgeni hakuruhusiwa kushuka. Kwa hiyo ukitaka Kalokairi nzima, andaa nauli ya visiwa vitatu, kijiji kimoja cha bara, na Uingereza.

Sichukii filamu. Filamu zimenilisha. Kabla ya kupanga safari za watu nilikuwa mtu wa lokesheni kwa miaka tisa, kazi ya kutangulia na kamera ndogo na daftari nikitafuta mahali pa kushuti. Ndiyo maana imani hii inanikera kuliko inavyomkera wakala mwingine: kwamba ukitazama filamu kabla ya safari utaona unakokwenda. Hapana. Utaona mahali ambapo lori la jenereta liliweza kupita.

Sitanii. Watu hudhani dairekta alisimama kilimani, upepo ukampepea, akasema hapa. Daftari langu halikuwa na safu ya uzuri. Lilikuwa na safu ya maegesho. Jua linachomoza upande gani, watu themanini watalala wapi, nguzo za umeme ngapi, jogoo wa jirani anawika saa ngapi na mwenyewe anakubali kulipwa shilingi ngapi ili amhamishe. Mara moja nilipata nyumba ya zamani yenye uwa ndani, mlango wa nakshi, kisima kikiwa bado na maji. Dairekta akakaa kwenye ngazi dakika ishirini bila kusema neno. Ikakataliwa. Kichochoro kilikuwa chembamba kwa lori. Ukiitazama filamu ile leo unaona nyumba nyingine, ya kawaida tu, iliyopakwa rangi ionekane kuukuu, na watalii hupiga picha mbele yake.

Juu ya hayo kuna kodi. Malta huwarudishia watengenezaji wa filamu hadi asilimia 40 ya wanachotumia kule, basi Malta imekuwa kila nchi duniani. Imekuwa Troya, imekuwa Roma ya wapiganaji wa upanga, imekuwa gereza la Uturuki. Na ule ufuo mtupu unaoutamani, maji ya samawati na mtu mmoja tu anatembea? Si mtupu. Umefungwa kwa kamba, na nyuma ya kamera kuna kijana wa lokesheni anaomba radhi kwa familia kumi na mbili zenye taulo. Kijana huyo nimekuwa mimi.

Corleone sasa. Kila mwanamume wa umri wangu anataka kwenda Corleone. Mji upo kweli, ndani ya kisiwa cha Sisilia huko Italia, kusini ya Palermo. Lakini dairekta Coppola alipokwenda kupiga The Godfather, iliyotoka 1972, Corleone ilikuwa imeshakuwa mji wa kisasa mno kwa hadithi yake. Akavuka kisiwa mpaka upande wa Taormina, akapiga Savoca na Forza d'Agrò. Ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Baa ambayo Michael anamwomba baba mtu mkono wa Apollonia iko Savoca, inaitwa Bar Vitelli, na wanauza granita ya limau. Inspekta Montalbano, yule mpelelezi wa riwaya na televisheni, ndiye kabisa: mwandishi Andrea Camilleri alizaliwa Porto Empedocle, na mji wake wa kubuni wa Vigàta umetokana na huko, televisheni ikapeleka kila kitu mkoa wa Ragusa. Porto Empedocle wakajiongezea jina la Vigàta kwenye jina rasmi la mji, baadaye wakaliondoa. Nawaelewa kwa yote mawili.

Wapenzi wa filamu za Kihindi, nanyi msijifiche. Ile vita ya nyanya mliyoiona katika Zindagi Na Milegi Dobara ni sherehe ya kweli, mji wa Buñol, Hispania, Jumatano ya mwisho ya Agosti. Waliiigiza upya kwa ajili ya kamera. Mkienda Juni mtakuta nyanya sokoni, kwa kilo.

Lakini kinachonitoa usingizi ni filamu ya Zorba.

Mteja ananiambia, "Nimeangalia Zorba, nimeelewa Wagiriki: ni watu wa furaha." Namuuliza aliangalia mpaka dakika ya ngapi. Katika filamu hiyo ya 1964, kama ilivyo katika kitabu cha Nikos Kazantzakis kilichotoka 1946, kijiji kizima cha Krete kinamzunguka mjane kanisani na anauawa mchana kweupe. Mwanamke mwingine, mgeni mzee, anakata roho kitandani na majirani wameshaanza kubeba sufuria zake. Hayo ndiyo yanayotangulia ile ngoma ya ufukweni. Zorba hachezi kwa sababu maisha ni matamu. Anacheza kwa sababu mradi wake na mwajiri wake umeporomoka mlimani, pesa zimekwisha, na hakuna lingine la kufanya kwa miguu.

Na ngoma yenyewe! Sirtaki si ngoma ya mababu. Ilitungwa kwa ajili ya filamu hiyo, muziki wa Mikis Theodorakis, ikichota kwenye hasapiko, ngoma ya zamani ya wachinja nyama. Anthony Quinn, mzaliwa wa Meksiko aliyeigiza Zorba, alisimulia kwamba alikuwa ameumia mguu na hakuweza kuruka, basi akawa anauburuta. Leo mkahawa wowote wa watalii Ugiriki watakuburutia mguu huo huo. Ni sawa na mgeni anayeshuka Unguja akachezewa na hoteli "ngoma ya asili" iliyopangwa Jumanne iliyopita. Wagiriki wenyewe wanaicheza kwenye arusi siku hizi, kwa hiyo labda miaka sitini inatosha kitu kuwa cha asili. Hapo sina hakika na hasira yangu.

Kuna tabaka jingine. Zorba alikuwapo. Aliitwa Giorgis Zorbas, na yeye na Kazantzakis walichimba makaa ya mawe pamoja mwaka 1917, ila si Krete. Ilikuwa Mani, kusini ya Peloponnese, karibu na Stoupa. Mwandishi akamhamishia Krete kwa sababu Krete ndiko kwao. Yaani hata kitabu kilifanya kazi ya lokesheni! Filamu ikaja ikapigwa Krete kweli, ufuo wa Stavros karibu na Chania, ikawa sahihi kwa kitabu na kosa kwa mtu. Nenda Stavros ukitaka. Lakini ukienda Iraklio, panda ukuta wa kale wa mji mpaka kaburi la Kazantzakis. Limeandikwa kwamba hatumaini kitu, haogopi kitu, yu huru. Pale hakuna anayecheza.

Troya nitaikimbia kwa sababu nikiianza hatumalizi. Farasi wa mbao aliyesimama ufukweni mwa Çanakkale, Uturuki, ni wa filamu ya Troy ya 2004, si wa akiolojia. Ufuo wa vita ni wa Meksiko. Na anayeniambia amesoma Iliadi yote, ule utenzi wa kale wa vita vya Troya, akampenda sana farasi, namjua papo hapo: farasi hayumo. Iliadi inaishia kwenye mazishi ya Hektori. Farasi anasimuliwa katika Odisea, halafu kwa kirefu na Vergilio, Mroma, karne nyingi baadaye.

Nisome nini basi, unauliza.

Soma kitu ambacho hakikuonyeshi mandhari. Anza na kile kilichopo kabatini kwa shemeji yako: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na jina linakuambia: Shakespeare alikuwa na mfanyabiashara mmoja, Mwalimu akaleta mabepari, tena wengi. Ndani yake huioni Venisi ya kadi za posta. Unaona mkopo, riba, meli zinazochelewa, watu wanaoulizana habari za Rialto. Rialto hiyo si daraja unalopigia selfi, ingawa daraja la mawe lilikamilika 1591, siku zao hizo hizo. Ni mahali pa biashara, pa kujua nani kafilisika. Simama pale asubuhi soko la samaki likiwa limefunguliwa, utawasikia. Kisha tembea mpaka mtaa wa Cannaregio, kwenye kitongoji ambacho Wayahudi walifungiwa kuanzia 1516. Tamthilia haikitaji hata mara moja. Neno geto, ambalo vijana wetu wamelifanya chumba cha kapera, lilianzia hapo, kwenye malango yaliyofungwa usiku.

Kwa Sisilia, soma kitabu cha riwaya, Il Gattopardo cha Lampedusa. Alikufa 1957, kikatoka 1958, hakukiona. Usitafute jumba la Donnafugata lililo kitabuni: nyumba ya utotoni iliyompa picha hiyo, huko Santa Margherita di Belice, ilibomolewa sehemu kubwa na tetemeko la 1968, na dairekta Visconti alikuwa ameshapiga filamu yake Ciminna miaka mitano kabla. Jumba la kitabuni lenyewe hulipati, na ndiyo raha yake. Unachobaki nacho ni vumbi, joto, na watu waliozoea kutawaliwa na wageni hata hawageuki kutazama nani kaingia. Msomaji wa pwani yetu hatahitaji maelezo. Kwa Procida, karibu na Napoli, soma L'isola di Arturo cha Elsa Morante, cha 1957: kisiwa kidogo, mtoto asiye na mama, gereza juu ya mlima. Filamu ya Il Postino nayo ilipigwa kwa sehemu Procida, ila hadithi yake kwenye riwaya ya Antonio Skármeta iko Chile. Naam, Chile. Nimechoka.

Filamu moja ninayoiamini kwa mahali ni ya dairekta Pontecorvo, La battaglia di Algeri ya 1966, kuhusu Waalgeria waliopigania uhuru dhidi ya Wafaransa. Ilipigwa Kasba yenyewe, mji mkongwe wa Algiers, miaka mitatu baada ya uhuru, na Saadi Yacef, aliyeongoza wapiganaji mle mle, anaigiza kamanda aliyetokana na yeye mwenyewe. Inaonekana kama taarifa ya habari, na hakuna hata kipande kimoja cha habari ndani yake. Nilipofika Algiers nilitembea Kasba bila kupotea, nikajiona bingwa. Kisha akapita mama na kikapu, na moyo ukanipasuka paa, maana kwenye filamu ile wanawake hubeba silaha na mabomu mikobani. Alikuwa amebeba mkate. Nikamkwepa mwanamke mwenye mkate kwa sababu ya filamu ya mwaka ambao hata sijazaliwa. Kwa hiyo ile iliyosema kweli kuhusu mahali ndiyo iliyonipofusha zaidi, na sijapata namna ya kuwaambia wateja jambo hilo bila kujiharibia biashara.

Na ya pili nikiri, maana mke wangu anasoma blogu hii. Savoca nimekwenda. Najua kila kitu kuhusu Savoca, najua kwa nini walichagua Savoca, ningeichagua mwenyewe. Nikakaa Bar Vitelli, nikaagiza granita, nikalia. Miwani ya jua ilinisitiri.

Basi, dada yangu. Juni, si Agosti. Skopelos hakuna uwanja wa ndege. Mtashuka Skiathos, mtapanda feri. Viza ya Schengen mtakayochukua kwa Ugiriki inafaa na Kroatia pia tangu 2023, kama mtataka kuongeza Vis. Ngazi za kanisani ni nyingi, zimechongwa mwambani, vaeni viatu vinavyoshika. Na shemeji aache spika hotelini. Pale juu ni nyumba ya ibada.