Faili, folda na njia: kompyuta inajuaje kazi yako iko wapi

Faili ni data zilizowekwa pamoja chini ya jina moja. Barua ni faili, picha ni faili, na hata programu inayofungua hiyo barua imeundwa kwa mafaili. Ukubwa wake hupimwa kwa baiti: herufi moja ya kawaida ni baiti 1, picha ya simu huwa megabaiti chache, filamu hufika gigabaiti.

Jina la faili lina sehemu mbili. Katika bajeti.xlsx, sehemu inayofuata nukta huitwa kiendelezi, nayo huiambia kompyuta ifungue faili kwa programu gani. Windows huficha kiendelezi isipoambiwa vinginevyo, na matapeli wanalijua hilo: faili linaloitwa risiti.pdf.exe litaonekana kama risiti.pdf, kumbe ni programu inayosubiri ubofye. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, kisha File name extensions. Ni jambo la kwanza kufanya kwenye kompyuta yoyote mpya. Na ujue kwamba kubadili kiendelezi hakubadili kilichomo ndani. Ukiita barua.docx kuwa barua.pdf utaishia na faili lisilofunguka. PDF hupatikana kwa kufungua barua kwenye Word na kuihifadhi upya kwa Save As.

Sasa tuje kwenye folda, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Folda inaonekana kama mfuko wenye mafaili ndani, lakini kwenye diski hakuna mfuko. Diski imegawanywa vipande vidogo vyenye namba, na mfumo wa mafaili una orodha inayosema faili fulani liko kwenye folda fulani na data zake ziko vipande namba kadhaa. Ni kama daftari la masijala: jalada lenyewe liko rafu fulani, na daftari ndilo linalojua ni ipi. Ukishaelewa hivyo, mambo mengi ya ajabu yanapata maelezo.

Kwa mfano, ukihamisha filamu ya gigabaiti 8 kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, inahama papo hapo, kwa sababu kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye orodha. Ukiipeleka kwenye flashi, data zote lazima zinakiliwe, ndiyo maana unasubiri. Na angalia: ukiburuta faili kwa kipanya ndani ya diski moja, Windows hulihamisha, ukiliburuta kwenda diski nyingine, hulinakili na la kwanza hubaki. Kushika Ctrl wakati wa kuburuta hulazimisha kunakili, Shift hulazimisha kuhamisha.

Kufuta nako kuko hivyohivyo. Mstari unaondolewa, vipande vinatangazwa kuwa vitupu, lakini data zinabaki mpaka zifunikwe na nyingine. Faili lililofutwa kutoka diski ya ndani huenda kwanza Recycle Bin, yaani kapu la taka la Windows, na unaweza kulirudisha. Lililofutwa kutoka flashi kwa kawaida halipiti huko. Likikutokea hilo, usiandike kitu kingine kwenye flashi hiyo. Tumia programu ya kurejesha kama PhotoRec, na hifadhi inachokipata kwenye diski tofauti. Kwenye SSD ya ndani, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, matumaini ni madogo, kwani mara nyingi vipande vilivyoachwa husafishwa baada ya muda mfupi.

Flashi ikichomolewa wakati bado inaandikwa, orodha inaweza kubaki nusu. Siku ya pili unaichomeka, kompyuta inakuambia lazima uiformati. Kama kuna kazi ndani, kataa, kwa kuwa kuformati kunaweka orodha mpya tupu. Rejesha kwanza data, ndipo uformati. Kinga yake ni kubofya Eject na kungoja uruhusiwe.

Kuna na ule ugonjwa wa flashi zinazozunguka kwenye steshenari: mafaili yote yamegeuka njia za mkato (shortcut). Mara nyingi hayajafutwa, kirusi kimeyaficha tu. Usibofye hizo njia za mkato. Ikague flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandika amri, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yakijitokeza, futa njia za mkato.

Kuhusu nafasi: flashi iliyoandikwa 64 GB huonekana kama 59.6 hivi kwenye Windows, na hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824. Na kama flashi yenye nafasi tele inakataa filamu ya gigabaiti 5, huenda imeformatiwa kwa FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Toa vilivyomo, iformati kwa exFAT.

Anwani kamili ya faili huitwa njia, mfano C:\Users\Asha\Documents\Shule\2025\ripoti.docx. Isome kutoka kushoto: diski, folda, folda ndani ya folda, mwisho faili. Desktop nayo ni folda tu ndani ya C, kwa hiyo fundi akiformati C ili aweke Windows upya, kila ulichorundika Desktop kinaondoka.

Mpangilio usiwe na madaraja mengi. Matatu au manne yanatosha watu wengi. Anza na eneo la kazi, kisha mwaka, kisha shughuli. Tarehe iandikwe mwaka kwanza, 2025-03-14-kikao.docx, nayo mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Acha majina ya mwisho, mwisho2 na mwisho_kabisa. Andika v1, v2, v3. Windows haikubali alama \ / : * ? " < > | kwenye jina.

Nakala ya akiba lazima ikae nje ya diski yenye faili la kwanza, kwenye diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni. Ukishainakili, fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye hiyo nakala uone kama yanafunguka.