Kwa nini walilala Zuccotti, si kwenye bustani ya manispaa

Kila nikiyataja maandamano ya Occupy Wall Street darasani, swali huwa lile lile: polisi wa New York waliwaachaje watu wapige kambi karibu miezi miwili, mwendo wa dakika chache kutoka soko la hisa? Wapo wanaodhani Meya Michael Bloomberg aliingiwa na huruma. Wapi! Jibu limo kwenye kanuni za ujenzi, na sisi watu wa mipango miji tunapenda kulisimulia polepole.

Bustani za manispaa kule hufungwa usiku. Zuccotti Park, walikotua waandamanaji Septemba 17, 2011, ni mali ya kampuni ya Brookfield. Tangu 1961 jiji lina makubaliano na wajenzi: acha eneo wazi kwa umma, upandishe ghorofa kupita kiwango. U.S. Steel, kampuni ya chuma iliyojenga hapo kabla ya Brookfield, ikapata mnara wake, umma ukapata sakafu ya mawe isiyofika nusu ya uwanja wa mpira. Sharti likawa pasifungwe, usiku na mchana.

Basi watu waliokuja kulalamikia makampuni yenye kuwashika wanasiasa mkononi, na mabenki yaliyookolewa kwa kodi mwaka 2008, walipata pa kulala kwenye ardhi ya kampuni. Hata jina la uwanja ni la aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni hiyo, John Zuccotti.

Vipaza sauti vilitaka kibali, nao hawakuwa nacho. Kwa hiyo mwenye neno alipaza sauti kana kwamba anajaribu maikrofoni, wenzake wakamwitikia. Akitoa maneno manne matano, walio karibu wanayarudia kwa pamoja, safu ya nyuma inayapokea, mpaka yafike ukingoni. Aliyezoea kiitikio cha ngoma zetu hashangai, ila pale hata tangazo la chakula lilipita hivyo. Wenye hotuba ndefu walichoka wenyewe.

Baadaye kampuni ikatunga masharti: marufuku mahema, marufuku kulala chini. Usiku wa kuamkia Novemba 15 polisi wakaingia, na maktaba ya maelfu ya vitabu ikazolewa na magari ya taka. Siku hiyo hiyo jaji akaamua kwamba haki ya kujieleza haiwapi haki ya kukaa na mahema. Jioni waliruhusiwa kurudi, wakiingia kwa kupitia upenyo kwenye vizuizi vya chuma, walinzi wakiwatazama mizigo. Kisheria, uwanja ulikuwa bado wazi kwa umma.