Mbunifu huru wa samani ni nani?

Pita kwenye karakana za Tabora mjini, utakuta karibu kila fundi ana simu iliyojaa picha. Mteja naye anakuja na ya kwake: "Fundi, nataka kabati kama hili, ila milango iwe mitatu." Fundi anatazama, anakadiria mbao, anataja bei, wanavutana kidogo, advansi inatoka, kazi inaanza. Katika mazungumzo hayo hakuna aliyebuni kitu. Kabati lilishabuniwa na mtu mwingine, pengine wa bara jingine kabisa, na fundi wetu analitengeneza upya kwa kuliangalia. Kazi hiyo inataka ustadi na ina heshima yake. Ubunifu ni shughuli nyingine.

Mbunifu wa samani ni yule anayeamua kitu kiweje kabla hakijakuwepo: kitatumiwa na nani, kitakaa wapi, kiwe na vipimo gani, kishikamanishwe vipi, kigharimu kiasi gani. Anaweza kuwa seremala mwenyewe, au mtu anayechora tu na kumpelekea fundi mchoro. Akiitwa "huru", maana yake hajaajiriwa na kiwanda wala duka. Wazo ni lake, gharama ya kulijaribu ni yake, na hasara nayo ni yake.

Kuhusu neno lenyewe: kubuni ni kutoa kichwani jambo ambalo halikuwepo, ndiyo maana tuna hata hadithi za kubuni. Wapo wanaopendelea "msanifu", lakini ukisema unatafuta msanifu, wengi watadhani unataka kuchorewa ramani ya nyumba. Na samani, maskini, vibao vya madukani vimeziandika "thamani za ndani" mpaka anayeandika sawasawa ndiye anayeonekana amekosea.

Wala tusifikiri jambo hili limeletwa juzi. Watemi wa Unyamwezi walikuwa na viti vya enzi vya miguu mitatu vilivyochongwa kwenye gogo moja, vingine vikiwa na umbo la mtu kwenye egemeo. Baadhi viko leo kwenye makumbusho ya Ujerumani. Aliyekichonga alijua nani atakikalia na mbele ya nani, na egemeo likapanda juu kwa sababu hiyo.

Sasa kazi yenyewe inakwendaje? Niliwahi kukaa kwenye karakana moja ya Ipuli, hapa Tabora, nikimtazama kijana akihangaika na meza ya kulia. Hakuanza na umbo. Alianza na kero: wapangaji wa chumba kimoja wanahamahama, na meza ya kawaida haipiti mlangoni wala haipandi bajaji. Kwa hiyo alitaka meza inayofunguka miguu na kufungwa tena bila kumwita fundi.

Akachora, akafuta, akachora. Vipimo vikubwa havikumsumbua maana vinajulikana: meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, kiti 45, na zile 30 zinazobaki ni nafasi ya mapaja na unene wa mbao. Kisha akakusanya maboksi ya dukani, akayakata kwa ukubwa halisi, akayaunga kwa gundi ya karatasi na kuvuta kiti. Boksi halibebi sahani, lakini linakuonyesha kama goti linagonga, na halikugharimu ubao hata mmoja.

Sampuli ya kwanza ya mbao aliitengeneza kwa msindano, ubao wa bei nafuu. Miguu ilishikwa kwa bolti. Siku ya kwanza ilisimama vizuri. Akaifungua na kuifunga, akaifungua tena, kama atakavyofanya mpangaji anayehama. Baada ya mara kadhaa matundu yakapanuka na meza ikaanza kucheza. Msindano ni laini, chuma kinauzidi nguvu. Basi akaacha bolti akarudi kwenye mbinu ya kale: ulimi wa mbao unapita kwenye tundu na kutokeza upande wa pili, halafu unapigiliwa kabari. Kiungo kikilegea, unagonga kabari kidogo, kinakaza. Hiyo ikashika. Akaja shangazi yake kumsalimu, akakaa, akainuka, na khanga ikanasa kwenye kabari. Kwenye mchoro hakukuwa na khanga. Kabari zikahamishiwa upande wa ndani na ncha zake zikapigwa msasa mpaka zikawa duara. Mimi nadhani hapo ndipo meza ile ilipobuniwa hasa.

Mbao nayo ina sauti yake katika jambo hili. Mninga unapendwa huku kwa rangi, lakini sifa yake kubwa kwa mtengenezaji ni kwamba ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana. Ubao wowote hunywa unyevu wakati wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na kuutoa kiangazi. Hutanuka na kusinyaa kwa upana, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mninga husamehe makosa. Ukitumia mbao inayotanuka na kusinyaa zaidi, tundu la skrubu inayoshika uso wa meza lazima liwe refu kidogo kama yai, ili ubao upate pa kwenda. Ukiubana kabisa, utapasuka kiangazi na mteja atasema fundi ni mwizi.

Wazo la samani inayofunguka lina umri. Mwaka 1859 Michael Thonet, mtengenezaji wa samani aliyekuwa akifanyia kazi Vienna, Austria, alitoa kiti namba 14: vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye kreti la mita moja ya ujazo. Aliyewahi kusafirisha kochi kwa treni kutoka Tabora anajua kwamba hata hewa iliyo chini ya kochi inataka nafasi kwenye behewa.

Ugumu unabaki kwenye bei. Mteja anahesabu mbao, gundi, vanishi na siku za fundi. Maboksi yaliyokatwa, sampuli zilizoharibika na wiki za kufikiri hazionekani. Wabunifu wengine hugawa gharama hiyo kidogokidogo kwenye kila meza wanayouza. Wengine huuza mchoro peke yake, jambo ambalo huku bado ni gumu kulieleza: mtu alipe pesa kwa karatasi? Na meza ikishatoka barabarani, mwenye simu ataipiga picha na kuipeleka karakana ya pili, naye fundi ataitazama na kukadiria mbao.

Ile sampuli iliyokuwa ikicheza haikuuzwa. Iko kwenye kona ya karakana, mguu mmoja umefungwa waya, juu yake kuna chupa ya chai na vikombe vya mafundi.