Tabaka za cong you bing na namna zinavyopatikana

Cong you bing ni mkate bapa wa Kichina usiotiwa hamira, na jina lake linataja karibu kila kilichomo: cong ni kitunguu cha majani, you ni mafuta, na bing ni mkate bapa. Anayejua kupika chapati za kusukuma ataona kwamba mikono yake inaijua tayari nusu ya kazi, kwa kuwa hapa pia donge husukumwa, hupakwa mafuta, huviringishwa, huzungushwa kama konokono na kusukumwa tena. Nusu ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Katika miaka niliyofundisha upishi wa unga wa ngano nimeona mafundi wa chapati wakitoa cong you bing tamu na laini, lakini isiyolia inapotafunwa na isiyochambuka tabaka kwa tabaka.

Tuanze na maji. Wapishi wa China hutofautisha donge la maji baridi, linalofaa tambi kwa kuwa huvutika bila kukatika, na donge la maji ya moto. Maji yanayochemka yanapomwagiwa unga, joto la mchanganyiko hupita nyuzi 60 za Selsiasi, wanga hunywa maji na kuvimba, na gluteni, yaani ile protini inayolifanya donge livutike kama mpira, hudhoofika. Donge la namna hiyo husukumika hadi likawa jembamba bila kurudi nyuma, na mkate wake haugeuki kuwa mgumu kama ngozi ukipoa. Hata hivyo, ukitumia maji ya moto peke yake donge hukosa nguvu, na tabaka zake hugandana. Kwa hiyo mimi huchanganya: kwa gramu 300 za unga mweupe na nusu kijiko cha chai cha chumvi, hutia kwanza mililita 150 za maji yanayochemka, kidogo kidogo, huku nikikoroga kwa mwiko mpaka unga uwe vipande vipande kama makombo ya mkate, kisha humalizia na mililita 50 hivi za maji baridi. Hukanda kwa dakika tano, hufunika, na kuliacha donge kwa dakika 40. Muda huo usipunguzwe. Donge ambalo halijapumzika hupigana na kifimbo, na anayelisukuma kwa nguvu hulichana.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kile ambacho Wachina huita you su: unga uliounguzwa kwa mafuta ya moto. Katika chapati tumezoea kupaka mafuta matupu, na kwa chapati yanatosha. Hapa hayatoshi, kwa sababu donge hili husukumwa jembamba zaidi, na mafuta matupu hukimbilia pembeni mara tu unapoliviringisha, yakaacha katikati pakavu ambapo tabaka zitashikana. Unga ndio unaoyashikilia mafuta mahali pake. Weka vijiko vitatu vya mezani vya unga na kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika bakuli lisiloharibiwa na joto, pasha vijiko vinne vya mafuta mpaka yaanze kumetameta, kisha yamwage juu yake. Utasikia yakichachatika na kutoa povu, na harufu ya unga mbichi itageuka kuwa ya karanga zilizokaangwa. Koroga upate kitu kizito kiasi cha uji unaomwagika polepole.

Kuhusu aina ya mafuta, wauzaji wengi wa Shanghai hutumia mafuta ya nguruwe, na katika mikahawa ya Waislamu wa jamii ya Hui hayatumiki kabisa. Nimejaribu samli. Inafaa, ila harufu yake huifunika ile ya kitunguu, nami naona kitunguu ndicho mwenye shughuli, kwa hiyo nimebaki na mafuta ya alizeti.

Vitunguu vya majani vinataka subira. Wilayani Zhangqiu, katika jimbo la Shandong, hulimwa vitunguu vinavyozidi urefu wa mita moja, lakini vile vya kawaida vya sokoni kwetu vinatosha. Chukua zaidi sehemu ya kijani, ukate vyembamba. Vioshe mapema na uvikaushe kwa kitambaa. Siku moja nilivikata vikiwa bado na maji ndani ya majani, na nilipolisukuma donge mara ya pili maji yakalipasua kwa juu, vitunguu vikatokeza na kuungua kikaangoni kabla mkate haujaiva. Ndiyo sababu chumvi naitia katika you su, wala siinyunyizi juu ya vitunguu, kwani huvitoa maji papo hapo.

Gawa donge mara nne. Sukuma kila kipande kiwe cha pembe nne, unene usiozidi sana milimita 1, paka you su hadi karibu na kingo, nyunyiza vitunguu, uviringishe kama mkeka kuanzia upande mrefu, kisha uzungushe kama konokono na kuubana mkia chini. Acha kwa dakika 15. Unaposukuma mara ya pili kuwa duara la sentimita 18 hivi, mkono uwe mwepesi, kwa maana hapa ndipo tabaka ulizozijenga huweza kusagwa zikawa kitu kimoja.

Kaanga katika kikaango kizito chenye vijiko viwili vya mafuta, moto wa wastani. Funika kwa dakika mbili za kwanza ili ndani kuive kwa mvuke, kisha funua na ugeuze mpaka pande zote mbili ziwe za rangi ya dhahabu iliyokolea. Kazi yote huchukua dakika sita au saba. Kabla ya kuipua, chukua miko bapa miwili, uubane mkate kutoka kando kuelekea katikati, uuzungushe na kuubana tena. Tabaka zitafunguka mbele ya macho yako, na kingo zitainuka kama maganda ya kitunguu kikavu.

Chapati huifunga kwa kitambaa ili ibaki laini; hii usiifunge wala usiitie katika hotpoti, kwa kuwa mvuke wake wenyewe utailainisha kabla haijafika mezani. Iweke juu ya wavu, uikate vipande sita, na uile ikiwa moto, ukichovya katika sosi ya soya iliyochanganywa na siki nyeusi ya mchele na pilipili kidogo. Zinazozidi mahitaji ya siku hiyo huzigandisha mbichi, zikitenganishwa kwa vipande vya plastiki, na hukaangwa zikitoka moja kwa moja kwenye friza bila kusubiri ziyeyuke.