Mtulinga umeunga, mbona mkono unavimba?

Swali: Nilivunjika mtulinga, mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani, katika ajali ya bodaboda miezi minne iliyopita. Mfupa umeunga, ila sasa mkono unavimba na kuchoka upesi. Je, vinahusiana?

Jibu: Huenda vinahusiana, nenda ukapimwe wiki hii. Kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza kuna njia nyembamba. Humo hupita ateri inayopeleka damu mkononi, vena inayoirudisha, na neva, yaani mishipa ya fahamu. Mfupa unapounga huota kinundu kigumu. Kikiwa kikubwa, au mfupa ukiunga umepinda, njia hiyo hubanwa. Vena ikibanwa, mkono huvimba na kuwa mzito, rangi ikielekea zambarau, na damu inaweza kuganda ndani. Ateri ikibanwa, kiganja huwa cha baridi, na ukiinua mikono kuanika nguo au kusuka nywele unachoka mara moja. Ni nadra, wengi hupona salama. Lakini ikitokea, inaweza kuja baada ya wiki kadhaa au hata miaka.

Swali: Mbona eksirei ilionyesha niko sawa?

Jibu: Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa, si mshipa wa damu. Kipimo cha kuanzia ni ultrasaundi ya mishipa. Mwombe daktari pia apime presha mikono yote miwili na kulinganisha.

Swali: Juu ya mtulinga kuna uvimbe unaodunda kama moyo. Nikandwe?

Jibu: Hapana! Usikandwe, usichanjwe chale, usitumbuliwe. Ncha ya mfupa inaweza kujeruhi ukuta wa ateri, damu ikavuja na kujikusanya pembeni, na uvimbe huo unaweza kupasuka. Robert Peel, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliangushwa na farasi London tarehe 29 Juni 1850, akavunjika mtulinga. Uvimbe unaodunda ulionekana chini ya mfupa huo, naye akafariki tarehe 2 Julai. Leo madaktari wa upasuaji wanaweza kuziba tundu la namna hiyo, mradi mgonjwa awahi.

Swali: Lini nisisubiri hata asubuhi?

Jibu: Kiganja kikipauka na kuwa baridi ghafla, uvimbe ukikua haraka, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, maana damu iliyoganda inaweza kusafiri hadi mapafuni. Ukifika hospitali, taja mtulinga uliovunjika hata kama ni miaka kumi imepita. Anayekupokea huenda asiuone kwa macho.